SOMO: Kerneli na useri spesi kugawana ringi moja ya MMIO kwenye KVM bila kuvurugana

Wakuu habari za mida hii, mnaoandika VMM zenu wenyewe (programu ya kuendesha mashine pepe, VM, kupitia KVM iliyo ndani ya kerneli ya Linux) mnalalamika kifaa kinakwenda vizuri mpaka mkiongeza vCPU (prosesa pepe) ya pili ndio vituko vinaanza. Mara nyingi shida iko kwenye coalesced MMIO, yaani yale mgeni (mfumo unaoendeshwa ndani ya VM) anayoandika kwenye anwani za kifaa (MMIO) kukusanywa na kushughulikiwa kwa mkupuo.

Kawaida mgeni akigusa anwani ya kifaa, KVM_RUN (mwito unaomwendesha mgeni) inarudi kwa VMM yako na KVM_EXIT_MMIO, na kila kurudi huko (eksiti) ni gharama. Sasa kerneli inaweza kuziweka zile za kuandika tu kwenye ringi (foleni ya duara kwenye memori ambayo kerneli na VMM yako huko useri spesi wanaiona wote), mgeni akaendelea na mambo yake. Ni daftari la madeni la dukani, unaandika unaendelea, ila mtu akiuliza anadaiwa ngapi lazima ujumlishe kwanza.

1. Uliza KVM_CAP_COALESCED_MMIO. Jibu ni namba ya ukurasa ilipo ringi ndani ya mmap ya vCPU (memori ya vCPU ambayo kerneli inagawana nawe), kwenye x86 ni 2. Ringi ni moja kwa VM nzima.

2. Sajili eneo kwa KVM_REGISTER_COALESCED_MMIO. Usisajili kila kitu! Cheki e1000 (kadi ya mtandao pepe) ya QEMU, VMM maarufu, rejista ya TDT imeachwa nje makusudi maana ndiyo inayoiambia kadi itume paketi, ukiilaza kwenye ringi paketi nayo inalala.

3. Kusoma ringi, hapa ndipo kwenye moto. Kerneli inaandika data kwanza, inaweka kizuizi cha memori ili data ionekane kwanza, ndio inasogeza last (namba ya nafasi itakayoandikwa inayofuata; first ni ya ile utakayosoma wewe). Wewe soma last kwa __ATOMIC_ACQUIRE, shughulikia ingizo, halafu sogeza first kwa __ATOMIC_RELEASE. Ukisoma kienyeji x86 inaweza kukusitiri, peleka ARM uone unavyochukua ingizo ambalo data yake bado haijaonekana kwako. Halafu ring_lock ya kerneli inapanga foleni vCPU zinazoandika tu, wewe huku juu haikulindi, thredi zako ziwekee loki yako.

4. KVM_RUN ikirudi maliza ringi KABLA ya kugusa eksiti yenyewe. Mgeni kaandika rejista A kisha anasoma B, ukimjibu B wakati A bado iko kwenye ringi umempa hali ya zamani na draiva yake itachanganyikiwa.

MASWALI

Swali: Mkuu ringi ikijaa data inapotea?
Jibu: Haipotei. Ukurasa wa baiti 4096 una nafasi 170, moja huachwa wazi, zikijaa kerneli inakuletea eksiti ya kawaida.

Swali: Kwa nini nisitumie ioeventfd tu?
Jibu: ioeventfd (taarifa ya kerneli kwamba mgeni ameandika kwenye anwani fulani) inakugutua tu, thamani iliyoandikwa haikufikii. Kwa kengele ya virtio (aina ya vifaa pepe) inatosha kabisa, kwa rejista yenye thamani haifai.

Swali: Mgeni wangu anaandika VGA (kadi ya skrini) tu hasomi, skrini imeganda.
Jibu: Hamna eksiti ndio maana. QEMU humaliza ringi kabla ya kuchora skrini, na wewe fanya hivyo kwenye taima yako.

Swali: Useri spesi ikichezea first na last makusudi je?
Jibu: Ilikuwa tundu la usalama kweli, limesajiliwa kama CVE-2019-14821, kerneli ilikuwa inaamini namba hizo na kuandika nje ya ringi. Sasa inasoma last mara moja tu na kuikagua kabla ya kuandika, kwa hiyo kama hosti yako ina kerneli ya kabla ya hapo apdeti kwanza.