Ukiomba hela ya watunza data, usiombe semina

Twende moja kwa moja. Kama uko kwenye taasisi ya utafiti, chuo, au hata NGO hapa Dodoma na unataka kuandika andiko la kuomba hela ili wapatikane watu ambao kazi yao ni kutunza data za utafiti, yani kazi kabisa yenye mshahara na kupanda cheo, sio kibarua cha miezi sita, basi anza kwa kufuta neno "semina" kwenye kichwa cha andiko lako. Najua linauma. Semina ina posho, ina chai ya saa nne na sambusa, ina picha ya pamoja mbele ya bango. Ila sijawahi kuona semina imemwajiri mtu.

Nasema kwa uchungu na sababu ninayo. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye mradi mmoja wa kilimo, siutaji jina, tukazunguka vijiji vya Chamwino kuuliza watu mavuno ya mtama na uwele. Data zote alikuwa anazishika dogo mmoja wa mkataba. Kwenye faili ya ekseli kulikuwa na kolamu imeandikwa "mavuno" basi, haisemi kwa kipimo gani, wakusanyaji wengine waliandika magunia, wengine madebe, kuna mmoja aliandika kilo, na hayo magunia yenyewe mengine yalikuwa lumbesa. Dogo alikuwa anajua nani aliandika nini, kajiwekea vinamba vyake pembeni, 1 ni gunia, 2 ni debe, na kuna 7. Mradi ukaisha, mkataba ukaisha, dogo akaenda zake Kahama kuuza simu. Mwaka mmoja baadae mfadhili anataka data ziwekwe wazi, tunafungua faili tunakutana na 7 kwenye mistari zaidi ya 200. Nikampigia, nasikia muziki wa dukani nyuma, ananiambia kaka hiyo saba nadhani ilikuwa lumbesa, au ni wale waliokataa kujibu, sikumbuki vizuri. Tukaitupa ile mistari yote. Na ndani ya mradi huohuo tulikuwa tumeshafanya semina ya siku tano ya usimamizi wa data, hotelini, watu zaidi ya 20, vyeti wanavyo mpaka leo.

Kwa hiyo kabla hujaenda kwa mfadhili kaa na wenzako mkubaliane mnaongelea kazi gani, manake hapa watu wanachanganya sana. Ukisema mtunza data bosi anafikiria mtunza kumbukumbu wa masijala, au yule wa TEHAMA anayeitwa printa ikikwama. Mtakwimu naye sio, japo anaweza kutokea huko. Mtunza data anakaa na mtafiti kabla dodoso halijaingia kijijini na kumsumbua kwa maswali, hiki ni kipimo gani, jina la kijiji tunaandikaje manake wewe umeweka Mvumi Misheni mwenzio kaweka Mvumi Mission na kompyuta inahesabu vijiji viwili, majina ya watu tunayaficha vipi, data zinakaa wapi, mradi ukiisha nani anaruhusiwa kuzitumia na kwa masharti gani. Misingi ya FAIR iliyotoka 2016 inasema hayohayo, data ziweze kupatikana, kufikika, kuunganishwa na nyingine na kutumika tena. Ukihitaji mfano wa kumuonyesha mkuu wa taasisi, chuo cha TU Delft kule Uholanzi kilianza 2017 kuweka mtunza data kwenye kila kitivo. Yani anakaa na watafiti wake hukohuko kwenye kitivo, jengo la utawala anaenda akiwa na shida.

Sasa hela. Watu wengi wanaanza kutafuta tangazo la mfadhili lenye neno "data" na wanakaa mwaka mzima wakisubiri, wakati hela nyingine ipo ndani ya miradi waliyonayo tayari. NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, tangu tarehe 25 Januari 2023 inataka kila mradi unaozalisha data za kisayansi uwe na mpango wa kutunza na kushirikisha data, na inakuruhusu kuweka gharama zake kwenye bajeti, ikiwemo muda wa mtu anayesafisha na kuandika maelezo ya data. Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti, inataka mpango wa data ndani ya miezi sita ya mwanzo na gharama za kazi hiyo zinakubalika. Wellcome, wafadhili wa utafiti wa afya wa Uingereza, nao wanauliza mpango wa data. Halafu sisi tunafanyaje? Tunaandika aya mbili tamu kwenye mpango, "data zitahifadhiwa salama", na kwenye bajeti tunaweka fleshi mbili na eksitena. Mfadhili alikuwa tayari kulipa mtu, sisi tukaomba plastiki.

Barend Mons, mmoja wa walioandika ile makala ya FAIR, aliandika kwenye jarida la Nature mwaka 2020 kwamba asilimia 5 ya hela za utafiti iende kwenye kuhakikisha data zinaweza kutumika tena. Chukua hiyo namba uende nayo kwa mhasibu. Tuseme mradi wako ni wa milioni 240 kwa miaka mitatu, asilimia 5 ni milioni 12, gawa kwa miezi 36 unapata kama laki tatu na elfu 33 kwa mwezi. Humpati mtu hapo, na ndo sababu kila mradi unasema hela haitoshi na unarudi kwa kibarua. Ila taasisi yenye miradi minne ya aina hiyo ina milioni 48, yani kama milioni moja na laki tatu kwa mwezi, hapo toa mchango wa mwajiri wa NSSF asilimia 10 na vikorokoro vingine, bado unampata kijana mzuri wa kuanzia. Mtu mmoja, miradi minne, kila mradi unalipia robo ya muda wake. Hii kitu inahitaji wakuu wa miradi wanne wakae meza moja na wakubali, na hapo kusema kweli ndo penye kazi ngumu kuliko kuandika andiko lenyewe, kila mmoja anaogopa mtu wake "ataibiwa". Wawekee karatasi ya muda, kila wiki anajaza masaa ya kila mradi, na mkaguzi wa mfadhili akija anakuta kitu kimenyooka.

Angalia mtego mmoja hapo, NIH wanalipa gharama zilizoingiwa wakati mradi unaendelea tu. Ada ya kuhifadhi data kwa miaka ya mbele ilipe kabla mradi haujafungwa, usije kusema tutalipa baadae. Au tumia Zenodo, hifadhi ya data ya mtandaoni, ni bure, inabeba mpaka GB 50 kwa kila rekodi na inakupa DOI, yani namba ya kudumu ya kuinukuu data yako.

Njia ya pili ni miradi ya kujenga watu yenyewe. Erasmus+, mpango wa elimu wa Umoja wa Ulaya, wana mfuko wa kujengea vyuo uwezo na vyuo vya Afrika vinaruhusiwa kuingia, huu unafaa kama chuo kinataka kuanzisha kozi au moduli ya utunzaji data, hapa Dodoma unaweza kufikiria UDOM au Chuo cha Mipango. Nyumbani kuna COSTECH, yani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na ule mfuko wake wa kufadhili utafiti, MTUSATE, na COSTECH hiyohiyo iko kwenye ule mpango wa mabaraza ya sayansi ya Afrika ulioanza 2015, SGCI. Sema matangazo yanakuja na mada, kilimo, afya, ubunifu, hivyo ukienda na andiko la "data" tupu watakuangalia tu. Ibebe ndani ya mada. Kama mada ni zao la zabibu, basi andika kuhusu zabibu za Makutupora, na nafasi ya mtunza data iwe moja ya matokeo ya mradi, sio kiambatanisho. Kwa upande wa mafunzo usichome hela kubwa, shule za sayansi ya data za CODATA na RDA, mashirika ya kimataifa ya mambo ya data za utafiti, zinapokea watafiti wachanga tangu 2016, peleka mtu wako huko badala ya kukodi ukumbi.

Usitegemee mfadhili mmoja lakini. 2025 tuliona USAID ilivyofungwa, watu wa data kwenye miradi walirudi nyumbani wiki hiyohiyo, na sehemu nyingine hata nenosiri la seva wakaondoka nalo.

Kuna mlango mwingine ambao watu hawaugongi, sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taasisi inayokusanya taarifa za watu inatakiwa ijisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na iwe na afisa wa kusimamia ulinzi wa taarifa hizo. Utafiti wa kaya una majina, namba za simu, magonjwa, kila kitu. Bosi ambaye hasikii habari za FAIR atasikia habari za sheria, kwa hiyo kwenye kikao anza na sheria, alafu ndo useme huyu mtu tukimpata atatusaidia na haya mengine. Nimeona inafanya kazi.

Haya, sasa tumepata hela ya miaka mitatu. Baada ya hapo je? Hili ndo swali mfadhili mjanja anauliza na hapa ndo maandiko mengi yanaanguka. Kama taasisi yako ni ya serikali usiahidi kuanzisha kada mpya, muundo wa utumishi haubadiliki kwa sababu yako na ukingoja Utumishi wapitishe kada inayoitwa mtunza data mradi utaisha mara mbili. Tumia kada zilizopo. Afisa TEHAMA, Mtakwimu, Mkutubi, hawa wote wana ngazi zao za kupanda tayari, unachofanya ni kuandika majukumu ya data kwenye maelezo yao ya kazi na yakasainiwa, ili mwisho wa mwaka wakipimwa wapimwe kwa hayo. Mimi wakutubi nawapenda kwa kazi hii kuliko watu wa TEHAMA, samahanini wenzangu, mkutubi anajua tangu zamani kwamba kitu bila maelezo yake kimepotea hata kama kiko kabatini.

Na kupanda sio cheo tu. Mpe mtu wako ORCID, ile namba ya kumtambulisha mtafiti, siku ya kwanza, na mkubaliane kwa maandishi kwamba makala ikitoka jina lake linaingia, mfumo wa CRediT wa kutaja nani alifanya nini kwenye makala una majukumu 14 na utunzaji data ni moja wapo, kwa hiyo hakuna wa kusema hakufanya kazi ya kisayansi. Data zenyewe zikiwa na DOI zinanukuliwa kwa jina lake. Dogo wangu wa Kahama angekuwa na hivi vitu viwili sidhani kama angeuza simu.

Kwenye vipimo vya mafanikio mfadhili anapenda namba, mpe, ila mpe namba za watu kwenye nafasi. "Watu 25 watapatiwa mafunzo" futa. Andika "ifikapo mwezi wa 18 watumishi watatu wana majukumu ya utunzaji data kwenye maelezo ya kazi yaliyosainiwa na utumishi, na mmoja wao analipwa kwa hela ya ndani". Barua ya mkuu wa taasisi nayo isiseme "tunaunga mkono kwa dhati", kila mtu anaunga mkono kwa dhati. Iseme kuanzia mwaka wa fedha fulani nafasi hii itaingia kwenye ikama, yani orodha ya nafasi za watumishi wa taasisi, na itaombewa kibali. Akikataa kusaini sentensi hiyo basi umejua mapema, badilisha mpango wako kabla hujamdanganya mfadhili.

Kabla ya kuandika usuli fanya hivi, inachukua nusu saa. Chukua data ya mradi mmoja uliokwisha hapo kwenu, mpe mwanafunzi wa fildi ambaye hakuwepo, muulize maswali matatu, kipimo cha hii kolamu ni nini, nani aliikusanya, naruhusiwa kuitumia. Kaa kimya uangalie anavyohangaika, andika anachosema, na hicho ndo kiwe aya yako ya kwanza ya tatizo. Mimi nilimpa binti mmoja faili yetu ya mtama, akakaa dakika kumi akaniuliza, "Kaka, hii saba ni nini?"

Kuhusu muda, mwaka wa serikali unaanza Julai 1 na mwongozo wa bajeti unatoka mwishoni mwa mwaka unaotangulia, kwa hiyo nafasi unayotaka Julai iwe imeshafika kwa mtu wa mipango kabla ya Krismasi. Na kama lazima uite watu kwenye kikao Dodoma usiweke kati ya Aprili na Juni, Bunge la bajeti liko mjini, gesti za Area C na Kisasa zinajaa na bei inapanda, bajeti yako ya malazi itakufia mkononi. Andiko likishatoka tuma kwenye mfumo wa mfadhili sawa, ila nakala moja ichapishe, ipeleke kwa mtu wa mipango mkononi, mkae mfungue ukurasa wa ikama pamoja, na usiondoke mpaka aweke alama kwa kalamu pale nafasi itakapoingia.