Maji yakituama kwenye mfuniko wa tanki

Mvua za Mbeya zikianza, kagua mfuniko wa tanki la pikipiki. Kama mfuniko ni wa kuzama, uliolingana na uso wa tanki, pembeni yake pana kitundu chenye mrija wa kushusha maji chini. Vumbi la kiangazi hukiziba, maji yanatuama, na ukifungua kuweka mafuta yanatiririkia tankini. Kausha kwanza kwa kitambaa. Mfuniko ukiwa umefungwa, penyeza uzi mmoja wa waya wa klachi, taratibu, usitoboe mrija. Bado hayashuki? Mrija huenda umebanwa chini ya tanki. Raba ya mfuniko ikipasuka, badilisha.

Yakishaingia, maji hukaa chini ya petroli. Injini ikiwa ya baridi, legeza skrubu ya chini ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), kinga petroli kwenye chupa angavu: utayaona yamejikusanya chini kama shanga.