Kuomba tenda ya serikali Kenya: fuata vile wao wenyewe wanachuja masaplaya

Mtu akikosa tenda ya kaunti kitu cha kwanza kusema ni ati ilikuwa na mwenyewe. Saa zingine ni kweli, siwezi bisha, lakini zabuni nyingi sana hutupwa kabla hata mtu aangalie bei, huyu hakusaini fomu, yule cheti cha ushuru kiliisha wiki iliyopita. Kwa hivyo naenda kwa mpangilio ule ule ofisi za serikali hutumia kuchagua, wewe jipange ukijua wanatafuta nini.

Anza na makaratasi mapema, usingoje tangazo litoke. Cheti cha usajili wa biashara unatoa eCitizen, na kama ni kampuni utahitaji pia CR12, ile inaonyesha madairekta ni nani na kila mtu ana hisa ngapi (tenda nyingi hutaka isiwe ya zamani, angalia wameandika miezi mingapi). PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru) ya biashara, leseni ya kaunti, akaunti ya benki kwa jina la biashara. Halafu ile husumbua watu, cheti cha kulipa ushuru, unakiomba iTax, mtandao wa KRA, na kinadumu miezi 12, na kama kuna ritani hujafaili hupati, hata kama biashara haikuuza chochote bado unafaili ile ya sufuri.

Kama wewe ni kijana wa miaka 18 hadi 35, mwanamke, ama mtu anayeishi na ulemavu, chukua cheti cha AGPO, ule mpango wa serikali wa kuyapa makundi haya nafasi ya tenda. Sheria ya ununuzi ya 2015 inatenga asilimia 30 ya tenda kwa hayo makundi. Wanachama angalau asilimia 70 wawe wa kundi hilo na uongozi wote uwe wao, kwa hivyo mambo ya mzee kuweka jina la binti yake juu juu huku yeye ndio anaendesha kila kitu yatawaletea shida. Kuomba ni bure, unafanya mwenyewe kwa agpo.go.ke, cheti kinakaa miaka 2. Ukiambiwa utoe kitu kidogo ndio kitoke haraka, huyo ni broka tu. Raha yake nyingine ni kwamba kwa tenda za hayo makundi hutoi dhamana ya benki, unajaza tu fomu ya tamko na kusaini.

Tenda zinatafutwa tenders.go.ke, pia gazeti la MyGov linalotoka Jumanne, na ofisi zenyewe hubandika. Kama ndio unaanza, tafuta tangazo la usajili wa masaplaya, pale unachagua kategoria kama ni vyakula ama steshenari, ukipita unaingia kwa orodha wanayotumia wakitaka kotesheni. Kuwa kwa orodha si kupata kazi, lakini bila hiyo hawakuulizi bei. Tangu 2025 Hazina ilianza kusukuma kila kitu kwa eGP, mfumo wa kununua kwa mtandao, kukawa na kelele mpaka kortini, kwa hivyo soma tangazo uone wanapokea kwa mtandao ama kwa bahasha.

Sasa kuchujwa. Raundi ya kwanza ni ndiyo ama hapana, hakuna maksi. Wanashika ile orodha ya mahitaji ya lazima wanatiki moja moja, na moja ikikosa umetoka, haijalishi wewe ni mzuri aje. Hapa ndipo namba za kurasa huua watu, sheria inataka kila ukurasa uwe na namba, unaanza 1 mpaka wa mwisho bila kuruka, na kopi za vyeti pia ni kurasa, na ile brosha umeambatisha nyuma pia ni kurasa. Chukua kalamu, andika namba mwenyewe ukimaliza kupanga kila kitu, si kabla, juu ukiongeza karatasi moja katikati umeharibu mfuatano wote.

Raundi ya pili ndio ya maksi. Wanaangalia kazi za awali (weka LPO za zamani, yaani oda rasmi za mnunuzi za kuagiza mzigo, na barua za wateja), hesabu za fedha, uwezo wa kupeleka mzigo, na sampuli kama waliitisha. Maksi ya kupita na vile inagawanywa imeandikwa ndani ya hati ya tenda, na hawaruhusiwi kutumia kigezo ambacho hakiko hapo. Soma hiyo sehemu kabla ya kitu kingine chochote, kama wanataka 70 na wewe ukijihesabia unafika 45, okoa pesa yako ya kuprinti.

Bei ni ya mwisho. Anayeshinda ni wa bei ya chini kati ya waliobaki, si kati ya wote ambao bei zao zilisomwa siku ya kufungua zabuni, ndio maana unaweza sikia umeshindwa na mtu wa bei ya juu na bado iwe halali. Weka VAT na usafiri ndani kabisa na urudie hesabu.

Kabla watoe barua wanaweza kuja kukagua, kama uliandika una stoo Gikomba ikutwe iko. Tathmini inafaa iishe ndani ya siku 30, na hata aliyekosa anaandikiwa sababu. Usiporidhika una siku 14 kupeleka malalamiko kwa bodi ya rufaa ya ununuzi, lakini kuna ada, pigia hesabu kwanza.

Ukishinda, usipeleke hata gunia moja bila LPO mkononi, hata mtu wa stoo akikupigia akisema ni haraka. Delivari isainiwe na kupigwa muhuri, ubaki na kopi, upeleke invoisi siku hiyo hiyo, na uwe na pesa ya kukusukuma juu malipo ya kaunti hukawia sana.