Somo: kemo (dawa ya saratani) ya vidonge (capecitabine), jinsi ya kuimeza na wakati wa kupiga simu

Wapendwa, wengi mnaogopa dripu ila vidonge mnavichukulia kama Panadol. Mama yangu alimeza capecitabine (Xeloda) kwa saratani ya utumbo mpana, mimi ndo nilikuwa namhesabia. Ikishaingia mwilini inageuka kuwa 5-FU, dawa ya kemo ile ile ya kwenye dripu, kwa hiyo tuiheshimu.

1. Ratiba. Wengi wanameza asubuhi na jioni siku 14, wanapumzika siku 7, wanaanza upya. Fuata uliyoandikiwa wewe. Kula kwanza, meza ndani ya nusu saa, na maji. Usisage wala usikate, na anayempa mgonjwa avae glovu.

2. Taja dawa zako zote kabla ya kuanza. Warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) ikikutana na hii unaweza kutokwa damu vibaya, na folic acid inaongeza madhara ya capecitabine, na hiyo imo kwenye vidonge vingi vya vitamini ambavyo ndugu wanakuletea kwa upendo tu.

3. Nyayo na viganja. Hapa ndo tulikosea. Mama alianza kuhisi kama kachomwa na mchanga wa jua kali, ngozi ikawa nyekundu, akanyamaza eti anajikaza, mpaka siku nimemkuta anatambaa kwenda chooni. Paka losheni mapema, acha maji ya moto na viatu vya kubana. Ikianza kuuma au kuvimba usimeze nyingine, piga simu hospitali siku hiyo hiyo. Daktari akishusha dozi haina maana matibabu yameshindwa.

4. Kuharisha hadi safari za choo zinaongezeka 4 juu ya kawaida yako kwa siku, au kuamka usiku kuharisha, vidonda mdomoni, kutapika zaidi ya mara moja kwa siku, homa ya 38 kwenda juu: simamisha, piga simu. Homa usisubiri asubuhi.

MASWALI

Nimesahau ya asubuhi, jioni nimeze mara mbili?
Hapana dada, meza ya jioni tu kama kawaida, usifidie.

Nywele zitaisha?
Kwa hii mara nyingi zinapungua tu, hazinyonyoki zote.

Nimeenda kusajili laini mashine imekataa vidole vyangu, ni dawa?
Inawezekana kabisa kaka, ngozi ikibanduka alama zinafutika. Mama naye ilimkuta. Omba barua hospitali uende nayo, na wale ambao hamjaanza, malizeni mambo ya vidole kwanza.