Kupiga Linux Mint kwenye Dell Micro ya mtumba, kwa wenzangu wa steshenari

Hivi viboksi vya Dell OptiPlex 7050 Micro vimeingia sana kwenye maduka ya kompyuta za mtumba. Vingi vina prosesa ya Core i5-7500T, RAM ya GB 8 na SSD. Vinakaa nyuma ya monita, havipigi kelele, na prosesa yake ni ya wati 35 tu. Shida ni kwamba hicho ni kizazi cha saba cha Intel, na Windows 11, ukiacha prosesa chache sana, inataka kizazi cha nane kwenda juu. Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Fundi anaweza kukupigia Windows 11 kwa kuruka ukaguzi, na itawaka. Kwa mashine ya kazi sikushauri, maana Microsoft wenyewe wanasema kompyuta ya namna hiyo haina uhakika wa kupata masasisho. Mimi napiga Linux Mint 22, mfumo endeshi unaokaa badala ya Windows, ambayo ni bure na itahudumiwa hadi 2029.

Steshenari yangu iko Msamvu, Morogoro, na wateja wangu wengi ni wanafunzi. Mwanafunzi anakuja na fleshi aliyoichomeka kila mahali. Ukiifungua kwenye Windows unakuta shotikati tupu, folda zote zimefichwa na kirusi. Binti wa watu machozi yanamlenga: "Anti, risechi yangu imepotea." Haijapotea. Kirusi cha aina hiyo hubadilisha alama ya folda ili Windows isiionyeshe, na Linux haijali alama hiyo. Yenyewe huficha tu kitu ambacho jina lake linaanza na nukta. Kwenye Mint folda zinaonekana zote, na kirusi chenyewe, kwa kuwa kimeandikwa kwa ajili ya Windows, hakiamki. Nafuta zile shotikati, naprinti kazi, mtoto anaondoka na moyo mweupe. Kwangu hiyo ni sababu tosha.

Ila kama riziki yako iko kwenye CorelDRAW au Publisher, yaani kadi za harusi na vipeperushi, bakiza mashine moja ya Windows. LibreOffice Draw, programu ya michoro ya kwenye Mint, inajitahidi kufungua faili za Publisher, lakini mpangilio unavurugika, na mteja wa kadi hatakuelewa.

Anza na betri. Namaanisha ile ndogo ya duara, CR2032, inayotunza saa na mipangilio ya baiosi, yaani programu ya ndani inayoiwasha mashine kabla ya Windows au Mint. Kwenye mashine za mtumba mara nyingi imeshachoka. Chomoa umeme, fungua skrubu moja ya nyuma, sukuma kifuniko, tafuta betri ndani, weka mpya. Ikifa, saa inarudi nyuma miaka, na tovuti nyingi zinakataa kufunguka. Lipo na jambo kubwa zaidi, nalieleza sasa hivi.

Washa mashine huku ukibonyeza F2 mfululizo. Ukishaingia kwenye baiosi, nenda System Configuration, kisha SATA Operation. Dell huwa wanaiacha kwenye RAID On. Ukiiacha hivyo na SSD yako ni ya NVMe (ile nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye bodi), Mint inaweza isiione diski kabisa, na utadhani imekufa. Chagua AHCI, hifadhi. Windows iliyomo pengine haitawaka tena baada ya hapo, kwa hiyo nakili kila unachokihitaji kabla ya kugusa mpangilio huu. Sasa fikiria betri imechoka na umeme umekatika usiku: baiosi inajirudisha kwenye RAID On, na asubuhi kompyuta inasema hakuna diski. Ndiyo maana betri inatangulia.

Pakua Mint kwenye tovuti yao, linuxmint.com. Iko kwa matoleo: kwa RAM ya GB 8 chukua Cinnamon. Kama una GB 4 chukua Xfce. Faili lina karibu GB 3, hivyo kama unategemea bando tumia torenti, ambayo ikikatika inaendelea pale ilipoishia. Kisha hakikisha faili limefika zima. Kwenye Windows fungua dirisha la amri katika folda ulilopakulia, andika certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256, ulinganishe tarakimu na zile zilizo kwenye tovuti. Usiruke hatua hii. Faili lililokatika njiani huleta makosa ya ajabu katikati ya kusakinisha, na utailaumu mashine bure. Likiwa salama, tumia programu ya Rufus kuliandika kwenye fleshi ya GB 8. Kila kilichomo kwenye fleshi kitafutika.

Chomeka fleshi, washa, bonyeza F12, uchague fleshi. Mint itafunguka ikiwa bado iko kwenye fleshi, diski yako haijaguswa. Hapa ndipo wengi wanakimbilia kusakinisha, na hapa ndipo ningependa utulie. Fungua intaneti. Kama mashine haina kadi ya Wi-Fi, unganisha simu kwa waya wa USB, washa tetharingi (simu kugawa intaneti yake), mtandao unaingia. Cheza sauti. Chomeka printa na skana uone kama zinatambulika. Fungua kazi halisi ya mteja, ile ndefu yenye majedwali, uiangalie ukurasa kwa ukurasa. Kaa nayo hata asubuhi nzima. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu inasoma fleshi, lakini kikwazo utakachokiona hapa hakitakugharimu kitu.

Ukiridhika, bofya mara mbili "Install Linux Mint". Weka tiki kwenye "Install multimedia codecs" ili muziki na video zifunguke. Ukifika kwenye "Erase disk and install Linux Mint", soma jina la diski na ukubwa wake: nvme0n1 ni SSD ya ndani, sda inaweza kuwa fleshi. Eneo la saa chagua Dar es Salaam. Yaliyobaki ni jina na nywila, nayo yanaisha haraka.

Ikishawaka yenyewe, ruhusu masasisho ya kwanza. Baada ya hapo Mint haisakinishi masasisho mpaka uruhusu, kwa hiyo yafanye siku ambayo bando linatosha. Kisha fonti. Kazi za chuo zinaandikwa kwa Times New Roman, na fonti ikikosekana kurasa zinaweza kuhama. Fungua terminali, andika:

sudo apt install ttf-mscorefonts-installer fonts-crosextra-carlito

Ya pili inashika nafasi ya Calibri bila kubadilisha upana wa herufi. Kama una printa ya HP LaserJet P1102, haitatoa karatasi mpaka uiongezee kipande cha programu cha HP wenyewe: andika hp-plugin kwenye terminali, ukubali masharti.

Mwisho fungua Timeshift, programu ya Mint ya kutunza nakala ya mfumo, upige picha ya mfumo ukiwa bado safi, na uiweke ipige nyingine kila wiki. Sasisho likiharibu kitu, unarudi ulipokuwa. Timeshift kwa kawaida inatunza mfumo tu, si kazi za wateja, na picha zake zinakaa kwenye diski ileile. Kazi za wateja zinakili kwenye diski ya nje kila jioni kabla ya kufunga duka.