Kabla hujabadilisha msumeno wa umeme, badilisha bledi kwanza

Wadau mnaofanya useremala nyumbani, kama msumeno wako wa umeme wa duara unachoma mbao, unatoa moshi na mkato unatoka na vinyuzi vinyuzi, usikimbilie kununua mashine kubwa zaidi, we toa bledi iliyokuja nayo (ile sahani ya duara yenye meno) uiangalie, maana nyingi huwa na meno kama 24 hivi na hizo ni za kupasua mbao kufuata nyuzi zake, sasa ukikatia plaiwudi lazima ichanike tu. Weka ya meno 40 mpaka 60 yenye ncha za kabaidi, yaani zile ngumu zinazodumu na makali, uone, utadhani mashine ni mpya kabisa. Ila hiyo ya meno mengi usipasulie ubao mnene, unga unajaa kati ya meno, bledi inapata moto na mota inateseka bure.

Ukienda kununua cheki kipenyo, cheki tundu la katikati lingie sawasawa, halafu soma spidi iliyoandikwa kwenye bledi, isiwe chini ya ile ya mashine yako. Hili msilipuuze jamani, ni usalama wenu!

Na kama ya zamani imeganda utomvu tu, ichomoe uisugue kwa sabuni na brashi, kausha vizuri, mara nyingi inarudi kukata. Ukishafanya yote hayo na mota bado inazidiwa, hapo sasa tafuta mashine yenye nguvu zaidi, na kama ni ya betri chukua inayotumia betri za aina ileile ya drili yako.