Kuipeleka hotrodi maonyeshoni Nairobi: miezi miwili ya mwisho

Hotrodi yangu, yaani gari kuukuu lililokatwa na kutiwa nguvu zaidi, ni Ford Popular ya 1955. Niliikuta Kikuyu chini ya mparachichi, sakafu imeliwa na kutu hadi nyasi zinachungulia ndani. Leo ina injini ya Toyota 5K, paa limeshushwa sentimita nane, na rangi yake ni nyekundu iliyoiva. Mimi ni fundi wa bodi, karakana yangu iko Kariobangi Light Industries, na gari hili nimelipeleka maonyeshoni mara nne. Haya ndiyo ningefurahi kuyajua kabla ya ile mara ya kwanza.

Hotrodi ilizaliwa California kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Vijana walinunua Ford kuukuu za bei nafuu, baadaye wakaipenda zaidi ile ya 1932 iliyotoka na injini ya V8, wakang'oa madigadi na kila kilichokuwa mzigo, kisha wakashindana kwenye maziwa yaliyokauka. Kila walichokikata kilikuwa na sababu. Ndiyo maana watu wakisimama mbele ya gari lako watakuuliza swali hilohilo: hapa ulikata kwa nini? Pita gari lote na kalamu, andika jibu la kila badiliko. Pale unapokosa jibu, rudi ukapafanyie kazi.

Anza na breki. Popular ilitoka kiwandani na breki za vyuma vya kuvuta, hazina mafuta, na hiyo ilitosha kwa injini ya nguvu za farasi 30. Ukiweka 5K umeongeza nguvu zaidi ya maradufu, na breki zile hazikuwezi tena. Mimi niliweka breki za mafuta, diski mbele, na nikaimarisha chasi pale injini inapokaa. Injini ikibadilika au rangi ikibadilika, peleka mabadiliko NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ili logbook (hati ya gari) isomeke sawa na gari. Fanya mapema, usingoje wiki ya maonyesho.

Sasa paa. Kukata nguzo si kazi kubwa kwa fundi mwenye mkono, ila kioo kitakutoa jasho. Kipande cha kwanza nilichonunua kilikuwa kile kilichoimarishwa kwa moto kiwandani, nami sikujua kukitofautisha. Fundi wa vioo aliweka gurudumu la kukatia, akagonga mara moja, na kioo chote kikawa punje mezani. Kioo cha namna hiyo hakikatiki kabisa. Tafuta kioo bapa cha tabaka mbili chenye plastiki katikati. Hicho hukatwa, na kikipata ajali hakimwagikii uso wa dereva. Chonga kwanza kielelezo cha kadibodi, kijaribu kwenye fremu, halafu ndipo uende kwa fundi.

Rangi ndiyo inayochukua muda, kwa hiyo nitakaa hapa. Fila, ile rojo ya kujaza mabonde ya bati, isizidi milimita tatu. Ikizidi, mtetemo na joto vitaipasua, na mtu anayejua kazi atakugundua kwa sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa: ikikosa kushika, chini hakuna bati, kuna unga. Nyoosha bati kwa nyundo na kipande cha chuma cha kuegemeza nyuma yake mpaka fila iwe ya kujaza mikwaruzo tu. Nimeona gari zuri sana likipoteza heshima yake yote kwa sumaku ya shilingi hamsini.

Kama unaweza, usipige rangi mwezi wa Julai. Baridi ya Nairobi na ukungu wa asubuhi huchelewesha kukauka, na unyevu au mafuta yakiingia kwenye mpira wa kompresa rangi inatoka na macho ya samaki (vijishimo vya mviringo) au weupe kama maziwa. Kama ni lazima, mwaga maji ya tangi la kompresa kila asubuhi na usianze kabla ya saa nne. Baada ya koti la mwisho iache mwezi mzima kabla ya kupaka nta, thina iliyobaki ipate kutoka. Kabla ya nta hiyo, msasa wa maji namba 1500, halafu 2000, halafu polishi. Angalia kazi yako juani saa sita mchana. Jua letu la ikweta halina huruma, mikwaruzo ya mviringo yote inaonekana.

Kabureta nayo ina lake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Injini iliyorekebishwa pwani itakunywa petroli kupita kiasi hapa: plagi nyeusi, masizi kwenye ekzosi, na harufu inayowafukuza watu. Weka jeti (vitundu vya kupitishia petroli) ndogo zaidi, endesha kidogo, toa plagi uangalie. Ukiona rangi ya kahawia hafifu, umefika.

Mimi huionyesha Ngong Racecourse, uwanja uleule wa Africa Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri. Pale ni nyasi na vumbi. Beba trei ya kukinga mafuta, vizuizi vya magurudumu, kizima moto, ndoo mbili na vitambaa vingi. Kitambaa kikianguka chini, kitupe kwenye gunia. Chembe moja ya mchanga itaandika jina lake kwenye boneti. Petroli iwe robo tangi, waya wa betri utolewe. Boneti iache wazi, na kando uweke picha za gari lilivyokuwa, kutu na yote. Zangu ziko kwenye ubao wa plaiwudi, na watu husimama hapo muda mrefu kuliko mbele ya injini. Mwaka jana mzee mmoja aligusa picha ya sakafu iliyooza akaniambia baba yake alikuwa na Popular, wakienda kanisani saba ndani. Nilimfungulia mlango akae.

Jioni usifute vumbi kwa kitambaa kikavu. Liendeshe nyumbani hivyohivyo, kisha maji kwanza, mengi, kuanzia paa kushuka.